Thogoto na Gihosha: Sikio la Wenyeji katika Majina ya Mahali

Bujumbura haikujengwa na walowezi wa Kiskoti. Kumbukumbu inayojulikana zaidi ya Mskoti katika eneo hili ni jiwe la Mugere, kusini mwa mji, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. (Watalii wengi hudhani kuwa ndipo wawili hao walipokutana kwanza, walikutana Ujiji.) Livingstone alikuwa mpita njia, na mahali hapo pamebaki Mugere.

Penye athari ya kudumu ni Kenya. Misheni ya Waskoti iliyoanzishwa Kibwezi mwaka 1891 ilihamia nchi ya Wakikuyu mwaka 1898, na makao yake karibu na mji wa Kikuyu yakaitwa Thogoto. Jina hili limetokana na jina la Waskoti wenyewe, nalo limefuata sheria za Kikikuyu bila kuomba idhini ya mtu. Lugha hiyo haina sauti /s/, hivyo ikaweka th. Haikubali konsonanti zifuatane kama katika asili ya neno, hivyo ikaingiza irabu. Na kwa kuwa silabi inayofuata ina t, k ikageuka g. Badiliko hili la mwisho ndilo liitwalo Kanuni ya Dahl.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi katika Kirundi. Twasema Kinama, Kinindo na Kiriri, lakini Gihosha, kwa kuwa h isiyo na mghuno huigeuza k ya kiambishi. Kwa hiyo, mwenyeji wa Gihosha anaweza kueleza Thogoto kwa sarufi ya mtaa wake.

Linganisha na Thomson's Falls, jina alilopewa mji kwa heshima ya Mskoti Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883. Jina hilo halikupitia kinywa cha wenyeji, na baada ya uhuru serikali ililiondoa kwa urahisi. Leo ni Nyahururu. Thogoto halijaguswa, nadhani kwa sababu wachache hulihisi kuwa geni.

Suala hili linawahusu watunga sera. Mwaka 2014 tarafa 13 za Bujumbura ziliunganishwa kuwa 3, na Gihosha ikaingizwa katika Ntahangwa. Mipaka inapochorwa upya, daftari za serikali hubeba jina la ngazi ya juu, na majina ya vilima, vijito na vichochoro hubaki kwa wazee. Tunapendekeza yarekodiwe kwa sauti, kwa matamshi ya wakazi, kabla ya vibao vipya kuandikwa.