Tezi, Mtoki au Kifundo?

"Tutaondoa tezi dume, na tutaondoa na tezi za limfu za nyonga ili tujue hatua." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na maneno yake yote yanafahamika. Lakini mzee aliyeambiwa hivyo anatoka na maneno mawili tu: tezi na kuondoa. Tezi kaisikia mara mbili, akadhani imerudiwa kwa kusisitiza. Kuondoa kakuelewa kupita kiasi: kinachoondolewa kimekwisha. Daktari hakumficha kitu. Istilahi ndizo zilizomwacha njiani, na istilahi ni kazi yetu sisi tunaoilinda lugha hii.

Neno istilahi lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na suluhu na maslahi. Ndani yake mna mapatano: watu wamekaa wakakubaliana kwamba kitu fulani kiitwe hivi. Kwa maneno ya hospitali, aghalabu wanaopatana ni daktari na mfasiri, naye mgonjwa hakuitwa. Hapa napima maneno ya upasuaji mmoja, ule wa kutoa tezi za limfu za nyonga kwa mwanamume ambaye saratani yake ya tezi dume inadhaniwa haijavuka tezi. Ningependa mgonjwa naye awemo kikaoni.

Saratani haina ugomvi. Kwa Kiarabu ni kaa. Na kansa, iliyotufikia kwa Kiingereza kutoka Kilatini, nayo ni kaa. Wanaobishana lipi bora wanamvutania kaa mmoja. Wanafalaki wa pwani wanaijua Saratani kama jina la buruji pia. Tupite.

Tezi dume inataka kukaa kidogo. Tunasema paka dume, nyani dume, na kila mara msikilizaji anajua kuna jike lake. Kwa mpangilio huohuo tezi dume inaahidi tezi jike, ambayo haipo. Kilichokusudiwa ni tezi ya mwanamume, si dume la tezi. Zaidi ya hapo, dume kwa vijiwe vyetu ni sifa: mtu jasiri, asiyelia. Ukimwambia mwanamume kwamba dume lake linaumwa, umegusa heshima yake kabla hujagusa ugonjwa. Hata hivyo sipendekezi tulibadilishe. Jina limeshika, ni fupi, na limo katika kila tangazo la afya Tanzania. Neno lililokwisha kukubalika na mamilioni lina haki yake, hata kama lilizaliwa na kilema.

Ila kibofu nalipinga. Kenya utasikia watu wakisema saratani ya kibofu wakiwa na maana ya tezi dume. Kibofu ni mfuko wa mkojo, na kina saratani yake, yenye tiba yake. Tezi iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo unapotoka kibofuni. Ujirani wa viungo haujawa sababu ya kuazimana majina.

Jina la kimataifa la kiungo hiki limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni asimamaye mbele. Sasa tazama bahati ya lugha yetu. Mabaharia wana tezi nyingine kabisa: sehemu ya nyuma ya chombo, kinyume cha omo. Enda tezi enda omo, marejeo ni ngamani. Mgiriki kakiweka kiungo mbele, na sisi, bila kukusudia, tumekipa neno ambalo baharini ni nyuma. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, lakini mpenda lugha hawezi kuyapita bila kusimama.

Tabu ya kweli inaanza tunapolichukua neno hilohilo la tezi na kuliweka kwenye limfu. Tezi, kwa maana yake ya kitabibu, ni kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa: tezi za mate, tezi za jasho, na tezi dume yenyewe, ambayo huchangia majimaji ya shahawa. Vile vidonge vidogo vilivyojipanga kandokando ya mishipa ya limfu havitoi mate wala jasho. Vinachuja. Limfu inapita ndani yake, na kinachostahili kuzuiwa kinazuiwa. Wazungu nao waliviita tezi kwa muda mrefu, kisha wataalamu wao wa anatomia wakaliacha jina hilo. Sisi tumelirithi kosa ambalo wenyewe wamekwisha kulitupa.

Mtu wa pwani atasema: mbona tuna mtoki? Neno zuri, na ni letu. Ukiwa na kidonda mguuni, kinenani kunatokea uvimbe unaouma. Huo ni mtoki, na wingi wake mitoki. Mama mzazi anaubonyeza kwa kidole na kukuuliza umekanyaga nini. Yeye hajasoma anatomia, lakini anajua kwamba uvimbe wa juu unaeleza jeraha la chini. Hiyo ndiyo hoja nzima ya upasuaji huu: vichujio vinasema kilichotokea huko vinakopokea maji.

Nimelitamani mtoki. Nimelijaribu katika sentensi nyingi, na kila mara linanigomea kwa sababu mbili. Kwanza, mtoki ni uvimbe. Kisichovimba si mtoki. Na daktari anatoa vichujio hivi kwa kuwa saratani inaweza kujificha ndani ya kile kisichovimba, chenye ukubwa wa kawaida, ambacho picha imekipita bila kukiona. Pili, mtoki unakaa kinenani, unagusika. Vinavyopokea limfu ya tezi dume viko ndani ya nyonga, kandokando ya mishipa mikubwa ya damu, kidole hakifiki. Mwambie mzee kwamba unataka kupima mitoki yake, naye atajipapasa na kukujibu kwa haki kabisa kwamba hana.

Basi mtoki ubaki ulipo, jina la kile kilichovimba na kinachoshikika. Kwa kiungo chenyewe, kizima au kigonjwa, tutafute jingine.

Kinundu kinajitokeza haraka. Ni kitu kidogo chenye umbo la nundu. Wakulima wanasema vinundu vya mizizi ya maharage. Lakini daktari anapopima tezi dume kwa kidole, kile kigumu anachokihisi juu yake nacho ni kinundu. Tutakuwa tumehama kutoka tezi mbili hadi vinundu viwili.

Napendekeza kifundo: kifundo cha limfu, vifundo vya limfu. Kilatini nako jina ni fundo, kwa hiyo tunasimama mahali pamoja na dunia bila kuazima sauti yake. Kiswahili kimekwisha kupita njia hii: mafindofindo ya kooni, ambayo ni ya ukoo huuhuu wa limfu, sauti yake haiko mbali na fundo. Najua utaniuliza kuhusu kifundo cha mguu na kifundo cha mkono. Ni kweli, nafasi hiyo ina mwenyewe. Lakini mguu, mkono na limfu haviwezi kuchanganywa mradi neno la pili linatajwa, na kifundo kina sifa ambayo tezi haina: hakidai kutengeneza chochote. Ni mahali ambapo njia zimekutana.

Limfu sina la kuibadilisha nayo. Thomas Bartholin wa Copenhagen ndiye aliyeipa mishipa hii jina la limfu mwaka 1653, kwa neno la Kilatini la maji maangavu. Utomvu ungependeza, kwa kuwa nao unapanda polepole ndani ya mti, ila utomvu wa minazi na mipapai unanata, na limfu hainati. Ute ni mzito. Majimaji ni chochote. Heri limfu, na aliyeeleza aongeze kwamba ni maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kurudishwa tena.

Sasa kuondoa. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kuondoa kuna ushindi ndani yake. Tunaondoa tatizo, tunaondoa uchafu, tunaondoa umaskini. Anayesema ataondoa vifundo ameahidi tiba bila kujua. Na upasuaji huu, katika saratani iliyo bado ndani ya tezi, kazi yake ya hakika ni kujua. Kwamba unarefusha maisha, hilo halijathibitishwa. Lakini kwa kubaini kama vifundo vina saratani, hakuna kinachoushinda. Hata picha mpya za PSMA, zinazoona mengi kuliko za zamani, hupitwa na vijipunje vidogo sana. Mgonjwa akijua tofauti hiyo, ndipo anaweza kuuliza swali la maana: kujua huko kutabadilisha tiba yangu?

Kutoa ni afadhali. Ni kitenzi kisicho na kiburi: unatoa jino, unatoa damu ya kupimwa. Watu wetu wana usemi tayari kwa kipimo cha nyama: wanasema wamechukua kinyama kupeleka maabara. Kuchukua hakuahidi kupona. Kwa hiyo daktari aseme, tutachukua vifundo vya limfu vikapimwe. Na kwenye karatasi iandikwe utoaji wa vifundo vya limfu vya nyonga kwa kupima. Hilo la mwisho, kwa kupima, lisikatwe kwa sababu ya urefu. Ndilo linalobeba ukweli.

Kung'oa nimekutana nako pia. Tunang'oa visiki. Kusirudi.

Kuna kitenzi kingine kinachostahili nafasi, nacho ni cha maabara. Daktari hatoi vifundo kimoja kimoja. Anatoa bonge la mafuta lenye vifundo ndani yake, likaenda kwenye chupa yenye formalini. Maabarani, mtaalamu wa patholojia analipapasa bonge hilo kwa ncha za vidole, analikata vipande, na kila anapohisi kitu kigumu kidogo kuliko mafuta anakitenga. Huko ni kuchambua, kule kwa Wapemba wanaokaa juu ya jamvi wakitenga karafuu na makonyo yake. Tumezoea uchambuzi wa siasa na wa mpira hadi tumesahau kwamba neno lilianza vidoleni. Napendekeza uchambuzi wa vifundo uwe jina rasmi la kazi hiyo. Idadi ya vifundo itakayoandikwa kwenye ripoti inategemea mikono miwili: ya aliyepasua na ya aliyechambua.

Katika saratani nyingine kuna kifundo cha kwanza kabisa kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe. Ramon Cabanas alikieleza mwaka 1977 kwa saratani ya uume, na jina lake la kimataifa ni la askari wa zamu. Askari anafukuza, na kifundo hiki hakifukuzi; kinapokea anayekuja. Kiitwe kifundo bawabu. Kwa tezi dume bawabu huyu hajaaminika sana, maana limfu yake haitoki kwa mlango mmoja.

Kusambaa ni neno la maji na la habari: linaenda pande zote kwa mfululizo. Saratani haiendi hivyo. Inaruka, inatua mbali, inaanza upya, na huku nyumbani bado ipo. Kuhama hakufai, kwa kuwa anayehama anaacha nyumba tupu. Tunalo neno la kale lenye maana kamili: kulowea, kufika ugenini na kufanya makazi ya kudumu. Saratani iliyolowea kwenye kifundo. Saratani iliyolowea mifupani. Wanaowakumbuka walowezi wa enzi za ukoloni hawatahitaji ufafanuzi.

Hatua na daraja zinachanganywa kila siku. Daraja ni tabia ya chembe zenyewe chini ya hadubini. Ndiyo ile aliyoiwekea mpango Donald Gleason wa Marekani mwaka 1966. Hatua ni mahali saratani ilipofika. Mtu anaweza kuwa na daraja kali na hatua ya chini. Lakini hatua nayo ina dosari: inadokeza mwendo wa lazima, kana kwamba mwenye ya pili kesho yuko kwenye ya tatu. Wagonjwa wenyewe hawaulizi hatua. Wanauliza, imefika wapi? Kutoka swali hilo tunapata mfiko, neno halali la Kiswahili lenye maana ya umbali unaofikiwa. Hatua zibaki na nambari zake; kile kitendo cha kuzitafuta kiitwe kubaini mfiko.

Madhara ya upasuaji huu nayo yanataka majina ya kweli. Limfu ikikosa njia inaweza kutuama nyongani. Wengine wameiita hali hiyo ziwa la limfu, jina linalotuletea kifua na Nyanza kwa pamoja. Kidimbwi cha limfu kinatosha. Na mguu ukivimba, usiitwe tende. Chanzo kinafanana, njia ya limfu imeziba, ila tende kwa watu wa pwani lina minyoo na aibu ndani yake. Uvimbe wa limfu utasema yote bila kumfedhehesha mtu.

Yamebaki maandishi ya ripoti. Mfumo wa TNM, ambao Mfaransa Pierre Denoix alianza kuujenga miaka ya 1940, una herufi N kwa ajili ya vifundo, nayo tusiiguse, ni ya dunia nzima. Lakini pembeni yake pana nafasi ya sentensi moja, na hapo Kiswahili kina uwezo ambao herufi haina. N0 ya baada ya maabara ni: vifundo vimepimwa, havina saratani. N0 ya picha peke yake ni: havionekani kuwa na saratani. Na NX, ambayo wengi huisoma kama habari njema kwa kuwa haina nambari, ikiwa upasuaji umekwisha na vifundo viliachwa ndani, ni: havikupimwa. Kama bado uamuzi unasubiriwa, ni: havijapimwa. Kati ya -ku- na -ja- pana mgonjwa anayestahili kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili iliyo yake.