Maji, Moto, Dawa na Wembe: Historia Fupi ya Mawimbi Kichwani Mwetu

Kila Desemba huku kwetu kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya malori na trekta za mahindi zikielekea maghala ya Bodi ya Nafaka kule Kitale. Ya pili ni ya wasichana waliomaliza KCSE juzi tu, wamekaa kwenye benchi za saluni hapa Kachibora wakingoja kuwekwa dawa. Foleni ya kwanza inatajwa kwa redio kila siku. Hii ya pili hakuna anayeitaja, na mimi naona ndiyo yenye hadithi ndefu zaidi.

Watu huniuliza sana: "Nifanyeje nipate mawimbi na nywele zisikatike?" Wanatarajia niwatajie mafuta. Mafuta naweza kuyataja, lakini jibu langu lenyewe ni la historia. Mawimbi kichwani hayakuletwa na meli. Bibi zetu walikuwa nayo. Kilicholetwa ni njia za haraka za kuyapata, halafu kikaja kitu kimoja kilichotusahaulisha ile njia ya polepole. Kitu hicho ni wembe wa shule.

Kabla hujakasirika, nipe dakika mbili za sayansi. Unywele ni protini, na ndani yake kuna vifungo vidogo vinavyoushikilia umbo. Kuna vifungo dhaifu, ambavyo vinaachana nywele zikilowa na kushikana tena zikikauka. Kuna vingine vya salfa, hivyo ni vigumu, maji hayaviwezi. Kwa hiyo kupinda ama kunyoosha nywele kuna njia tatu tu: maji, moto ama dawa. Maji na moto hucheza na vifungo dhaifu, ila moto ukizidi unapika protini yenyewe. Dawa huvunja vile vya salfa. Kila mtindo uliowahi kupita Afrika Mashariki uko ndani ya hizo njia tatu.

MAJI

Kukhu wangu wa upande wa Bungoma hajawahi kusema neno "mawimbi". Yeye alikuwa na uzi mweusi tu. Nywele zinaoshwa, zinaachwa na unyevu kidogo, zinapakwa mafuta, zinagawanywa mafungu, kila fungu linazungushiwa uzi kutoka shina mpaka ncha. Baada ya siku kadhaa unafumua, na nywele zinatoka zimerefuka na kupinda vizuri. Ukisuka mistari zikiwa na unyevu halafu ufumue zikishakauka kabisa, matokeo ni yale yale. Hakuna kilichoungua na hakuna kilichovunjika. Ukiziosha zinarudi venye zilikuwa.

Mafuta yenyewe yalitoka nyumbani. Watu wa bara walitumia mafuta ya mbarika na samli. Pwani walitumia nazi, na wasusi wao wana mitindo yenye majina mazuri, kama ile mistari ya kwenda nyuma inayoitwa "twende kilioni". Majirani zetu Wapokot na Waturkana walikuwa na wanaume waliozijenga nywele zao kwa udongo, wakachomeka manyoya ya mbuni juu, na usiku wakalalia kigoda cha mbao ili kazi isiharibike. Ukidhani kujali nywele ni mambo ya watoto wa siku hizi, fikiria mwanamume mzima analala shingo juu ya kigoda kwa ajili ya nywele.

Lakini kitu cha maana zaidi hapo hakikuwa mafuta. Ilikuwa ni ule muda. Kusuka ni kazi ya masaa, na lazima muwe wawili: mmoja amekaa chini, mwingine amekaa nyuma yake. Hapo katikati ya magoti ndipo msichana alijifunza kichwa chake kinataka nini: ni wapi panakatika haraka, ni wapi hapafai kuvutwa. Shule ya nywele ilikuwa hapo.

MOTO

Mwaka 1872 kinyozi mmoja wa Paris, Marcel Grateau, alianza kutumia koleo la moto kupinda nywele za wateja wake, na mtindo huo ukapewa jina lake. Marekani nako, mwanzoni mwa karne ya 20, Madam C. J. Walker alijenga biashara kubwa ya bidhaa za nywele za wanawake weusi. Watu hupenda kusema yeye ndiye aliyevumbua kitana cha moto. Si kweli, kilikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kukifanya kijulikane zaidi, pamoja na mafuta yake na mawakala wake waliouza nyumba kwa nyumba.

Kwetu kitana hicho kilipata jina la wazi kabisa: kuchoma nywele. Chuma kinawekwa juu ya jiko la makaa, unapaka mafuta, unashika sikio lako mwenyewe ulikunje, unaomba Mungu. Kina mama wa umri wa mama yangu wengi wana alama nyuma ya sikio, na wakikuonyesha wanacheka. Lakini makaa hayana kipimo. Leo pasi ya umeme angalau ina namba, na wataalamu wengi wanashauri usipite digrii 200. Jiko lilikuwa linakisia tu, na nywele zilizopikwa hazirudi hata ukiziosha mara kumi.

Na hapo angalia lugha yetu. Nywele zilizolala tunaziita singa. Za kwetu tunaziita kipilipili, ama waziwazi "nywele ngumu". Hakuna mtu aliyekaa chini akatunga sheria kwamba singa ni bora, lakini ukisikia mtu akisema "huyo ana nywele nzuri", unajua mara moja anamaanisha nywele gani.

DAWA

Husimuliwa kwamba Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyekuwa fundi cherehani, alikuwa anatafuta kitu cha kuzuia sindano isiunguze kitambaa cha sufu. Akaona ule umajimaji wake umenyoosha nyuzi. Mwaka 1913 akawa na kampuni ya kuuza krimu ya kunyoosha nywele. Ni huyo huyo aliyepata hataza ya kifaa cha kuongozea magari barabarani mwaka 1923. Baadaye zikaja krimu zenye sodiamu haidroksaidi, kemikali kali ambayo pia hutumika kuzibua mabomba. Hiyo ndiyo familia ya dawa iliyojaa saluni zetu.

Kwa upande wa mawimbi, mfalme wa dawa ni kalikiti. Kama huijui, fungua albamu ya harusi yoyote ya miaka ya 1980. Ilianzia kwa mtindo uliopewa jina la Jheri Redding, Mmarekani mzungu aliyekuwa mtaalamu wa bidhaa za nywele. Kisha Comer Cottrell, mfanyabiashara mweusi, akaitengenezea pakiti ya bei nafuu ambayo mtu angeweza kutumia nyumbani. Michael Jackson akaibeba kichwani kwenye Thriller mwaka 1982, na dunia nzima ikaitaka.

Kazi yake ilikuwa hivi: dawa ya kwanza inalegeza vile vifungo vya salfa, nywele zinazungushwa kwenye vijiti, dawa ya pili inavifunga tena katika umbo jipya. Baada ya hapo unapaka maji ya glisarini kila siku, maana nywele zilizopitia hayo zina kiu isiyoisha. Shangazi yangu anasema ungeweza kujua nani ana kalikiti kwa kuangalia tu viti vya nyumba yao, alama ya mafuta iko pale pale kichwa kinapoegemea. Watu wanacheka, lakini nani alikuwa anakumbuka kuhesabu nywele zilizobaki kwenye kitana?

Msidhani basi kosa ni la wageni peke yao. Mwaka 1995 Mkenya Paul Kinuthia alianza kutengeneza shampuu kwa mtaji mdogo sana na kuwauzia wenye saluni Nairobi. Ikakua ikawa Nice & Lovely, na mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ikanunua biashara hiyo ya urembo. Sisi ni wateja, ni wauzaji, na ni watengenezaji. Hata vijana wa boda wamo. Yule mwenye durag chini ya helmeti anatafuta mawimbi pia. Akitumia brashi, maji na subira, yuko njia ya kukhu. Akipaka dawa ya kulegeza kwa kinyozi, yuko njia ya kalikiti.

Na dawa ina bei isiyoandikwa ukutani. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia. Ukubwa wa hatari: kufikia umri wa miaka 70, kama asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, haujathibitisha kwamba krimu ndiyo sababu. Lakini kama ni dada yako, si ungependa ajue kabla ya kukaa kwenye kile kiti?

WEMBE

Sasa turudi kwa wembe. Wembe si mgeni Afrika. Waluhya hunyoa nywele baada ya mazishi, kufunga kilio. Morani wa Kimaasai hunyolewa anapoacha umorani. Aprili 2022 Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau mwenye cheo cha Field Marshal, alikatwa nywele alizozifuga tangu enzi za msituni, na aliyemkata ni Mama Ngina Kenyatta. Wembe wa mila ulikuja siku maalum, ukiwa na maana yake, kisha nywele zikaachwa ziote.

Wembe wa shule ni tofauti. Ulikuja na shule za misheni na za mkoloni, ukaitwa usafi na adabu, na bendera ilipobadilika mwaka 1963 wenyewe ukabaki. Mpaka leo shule nyingi zinataka kichwa kifupi mwaka mzima. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilikosea kumfukuza msichana Mrasta kwa sababu ya rasta zake. Uamuzi mzuri, lakini ulisimama juu ya dini. Msichana anayetaka tu kujifunza kutunza nywele zake hana dini ya kumtetea.

Najua walimu watasema nini. Mabweni yana wasichana mia nne na mifereji sita. Kuna choa, kuna chawa. Nywele fupi hazitofautishi mtoto wa tajiri na wa maskini. Hoja hizo ni za kweli, sizidharau. Lakini tazama matokeo. Msichana ananyolewa kutoka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, miaka 12. Yale masaa ya kukaa katikati ya magoti ya mtu hayapo tena. Anamaliza mtihani Novemba, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi, Desemba ana kichwa kifupi, haraka nyingi, na hajui lolote. Krimu inapakwa karibu kabisa na ngozi. Krismasi iliyopita nilimwona msichana wa jirani kanisani amefunga kitambaa. Chini yake kulikuwa na vidonda vinavyotoa maji. Ana miaka 18. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hupaki dawa siku umejikuna, wala kwamba ikianza kuwasha huvumilii, unaosha.

Marufuku huwa hayafundishi. Januari 1969 vijana wa TANU kule Tanzania walianzisha Operesheni Vijana, wakapiga vita wigi, sketi fupi na krimu za kujichubua. Kalikiti ilipofika baadaye, Dar es Salaam iliipokea kama Nairobi. Ukimkataza mtu bila kumwonyesha njia nyingine, unamngojesha tu.

KWA HIVYO TUFANYE NINI?

Siwaombi shule zifunge vinyozi kesho. Naomba likizo ya Aprili, Agosti na Desemba iwe na somo moja nyumbani. Osha, weka kondishona, acha unyevu kidogo, paka mafuta kiasi. Sokota mafungu manene ama funga uzi. Lala na kitambaa laini cha satini, maana pamba inanyonya mafuta na baridi ya huku Cherangani inamalizia. Asubuhi zikiwa zimekauka kabisa, fumua kwa vidole vyenye mafuta, usipitishe kitana. Mawimbi hayo hapo. Mvua ikinyesha yataondoka, na hiyo ndiyo dalili kwamba hakuna kilichovunjika ndani.

Na mtu akikusuka mpaka kichwa kiume na nyusi zipande, mwambie alegeze. Nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka, kuna siku hazioti tena.

Anayetaka dawa, aweke. Kichwa ni chake, na mimi si askari wa mtu. Ila achague akijua zile njia tatu zote, si kwa sababu mbili zilitangazwa na ya tatu ilinyolewa. Kama bado una kukhu, gogo, shosho ama mama anayejua uzi, nenda ukae chini mbele yake mwezi huu. Beba mafuta yako mwenyewe.