Kura Ishirini na Saba: Eatonville na Haki ya Kuitwa Mji

Neno mji katika Kiswahili lina upana wake. Mji ni nyumba ya mtu pamoja na jamaa zake. Mji ni mtaa, kisima, msikiti na makaburi. Mji ni bandari na majahazi yake. Pate na Siu zilikuwa miji kabla karani yeyote hajaziandika hivyo katika daftari lake. Watu walikaa, wakajenga, wakazikana, na mji ukawa mji.

Zipo nchi, hata hivyo, ambako neno hilo hufungwa ndani ya sheria. Nchini Marekani makazi ya watu yaweza kuwa na kanisa, duka na makaburi kwa miaka mia, na bado machoni pa sheria yasiwe mji. Hubakia kuwa kipande tu cha kaunti, na kaunti ndiyo iyaamuliayo juu ya kodi, askari na barabara. Huwa mji siku ile wakazi wake wanapokutana, wakapiga kura, wakaandikisha hati na kuchagua viongozi wao. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni shughuli ya makarani. Lakini kwa watu waliozaliwa wakihesabiwa kuwa mali ya watu wengine, hati hiyo ilikuwa na uzito mwingine kabisa.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, na mwaka 1870 katiba ikakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Katika miaka iliyofuata, Weusi wengi walihamia Florida ya kati kutafuta kazi. Karibu na Maitland, kaskazini mwa Orlando, walifyeka misitu, wakapanda michungwa na kuwajengea Wazungu matajiri nyumba za kupitishia majira ya baridi. Wao wenyewe walikaa pembezoni, katika vibanda walivyovijenga upesi. Mji ulikuwa ukiinuka kwa mikono yao, nao hawakuwa na mahali ndani yake pa kupaita pao.

Miongoni mwao alikuwamo Joe Clark, mtu aliyekuwa na wazo moja na subira ya kulitimiza: Weusi wawe na mji wao, kwenye ardhi yao, chini ya uongozi wao. Kwa miaka kadhaa wenye ardhi hawakutaka kuwauzia Weusi eneo la kujengea mji. Hatimaye walipatikana Wazungu wawili waliokubali: Lewis Lawrence, mfadhili aliyetoka jimbo la New York, na Josiah Eaton, ambaye jina lake ndilo lililopewa mji. Sehemu ya ardhi ilitolewa kwa ajili ya kanisa, na sehemu nyingine ikanunuliwa na kugawanywa viwanja.

Tarehe 15 Agosti 1887 wanaume 27, wote Weusi na wote wapiga kura walioandikishwa, walikutana na kuamua kwa kauli moja kwamba makazi yao yawe mji. Columbus Boger akawa meya wa kwanza. Eatonville haikuwa ya kwanza kabisa, kwani Princeville katika jimbo la North Carolina ilikuwa imetangulia mwaka 1885. Lakini ni mojawapo ya miji ya mwanzo nchini humo iliyosajiliwa kisheria na Weusi wenyewe.

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Watu wa Eatonville wangeweza kuendelea kuishi pembezoni mwa Maitland, wakifuata nyota ya wenzao. Walichagua njia ngumu. Mji wenye mamlaka hudai kodi kutoka kwa watu maskini, hudai mitaro ichimbwe na barabara zisafishwe, wala hapabaki mtu wa nje wa kulaumiwa mambo yanapoharibika.

Wakati nao ulikuwa ukiwapa kisogo. Katiba ya Florida ya mwaka 1885 iliruhusu kodi ya kichwa iwe sharti la kupiga kura, na mwaka 1889 bunge la jimbo likaitumia ruhusa hiyo. Asiyelipa hakupiga kura, na Weusi wengi waliondolewa katika siasa kwa njia hiyo. Wanaume 27 waliamua miaka miwili tu kabla ya hapo, mlango ulipokuwa umeanza kurudishwa.

Thamani ya uamuzi ule ilidhihirika zaidi kwa yaliyotokea Ocoee, pahala palipo katika kaunti ile ile ya Orange. Huko Weusi walikuwa na nyumba, mashamba na makanisa, lakini mamlaka yote yalikuwa mikononi mwa Wazungu. Tarehe 2 Novemba 1920, siku ya uchaguzi mkuu, Mweusi aliyeitwa Mose Norman alijaribu kupiga kura akazuiwa. Usiku ule kundi la Wazungu wenye silaha liliwavamia Weusi, likachoma nyumba na makanisa yao, na July Perry, mtu mwenye heshima miongoni mwao, akauawa kwa kunyongwa. Walionusurika walihama, na kwa miongo mingi Ocoee haikukaliwa na Weusi. Hapana anayeweza kusema kwamba hati huzuia risasi. Lakini katika Eatonville meya, madiwani na mkuu wa askari walikuwa wenyeji wenyewe, na mwenye kubisha hodi usiku kwa jina la sheria alikuwa jirani anayejulikana.

Katika utulivu huo wa nadra ndimo alimokulia Zora Neale Hurston. Alizaliwa mwaka 1891 Notasulga, Alabama, akapelekwa Eatonville akiwa mdogo, na baba yake alipata kuwa meya wa mji. Barazani mwa duka la Joe Clark wanaume walikaa jioni wakitupiana hadithi, mafumbo na chumvi zisizo na mwisho, na mtoto yule akasikiliza. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa baraza ni nini. Pale palikuwa chuo chake cha kwanza, na kutoka hapo vilitoka vitabu vya Mules and Men, 1935, na Their Eyes Were Watching God, 1937. Watu wale walisema kwa sauti zao wenyewe kwa kuwa hapakuwa na bwana wa kigeni wa kuwanyamazisha.

Hata hivyo Hurston hakuusifu mji wake kupita kiasi. Katika riwaya hiyo ya 1937, Joe Starks anawafikia watu walioridhika na uvivu wao, anawahimiza wausajili mji, anafungua duka, anasimamisha taa ya barabarani, kisha anajijengea nyumba kubwa inayozifanya za wengine zionekane kama vibanda vya watumishi. Anapowaamuru wachimbe mtaro, wananung'unika kwamba utumwa umekwisha, lakini wanachimba. Na mkewe, Janie, anapoombwa aseme maneno machache mbele ya watu, mumewe anajibu kwa niaba yake kwamba kuhutubia si kazi ya mke wake. Ikumbukwe kwamba miongoni mwa wapiga kura 27 hapakuwamo mwanamke hata mmoja. Nyumba njema si mlango: aliyeingia ndani aliona kwamba uhuru wa mji haukuwa bado uhuru wa kila aliyemo.

Wala hati ile haikumaliza mapambano na walio nje. Mwaka 1987 kaunti ilikuja na mpango wa kuipanua barabara kuu ya mji iwe ya njia tano. Wakazi waliona kwamba kitovu cha mji wao kingebomolewa, wakaungana kupinga, na mwaka 1990 wakaanzisha tamasha la kila mwaka kwa jina la Zora. Mwaka 1998 eneo la kihistoria la mji liliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kuhifadhiwa. Kisha kukawa na suala la ardhi ya shule ya Hungerford, iliyoanzishwa mwaka 1897 kwa ajili ya watoto Weusi, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa imeingia mikononi mwa bodi ya shule ya kaunti. Mpango wa kuiuza kwa mwekezaji ulizua kilio kikubwa, ukavunjika mwaka 2023.

Mji huo una watu zaidi kidogo ya 2,000, nao umezungukwa na vitongoji vya Orlando inayozidi kutanuka. Lau ungekuwa kipande cha kaunti tu, pengine lingebaki jina lake katika vitabu vya Hurston peke yake. Wanaume wale hawakuvirithisha vizazi vyao utajiri. Waliwaachia haki ya kukutana na kuamua. Haki hiyo haitunzwi kabatini pamoja na hati. Kila kizazi cha Eatonville kimelazimika kupiga upya, kwa namna yake, kura ile ya mwezi wa Agosti.