Likeri za matunda Kasese na Bwera: ladha hutoka kwenye tunda, usalama hutoka kwenye pombe ya msingi

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ina matunda ya nyanda za joto na ya milima ya baridi kwa umbali wa saa chache za mwendo. Malimau, machungwa na maembe hukomaa kwenye bonde lililo karibu na mstari wa Ikweta. Mapasheni hutambaa kwenye miteremko ya Rwenzori, kati ya migomba na mibuni, na juu zaidi, pembezoni mwa misitu, huota vitunda vidogo vya porini ambavyo watoto huvichuma njiani. Katika soko la Lhubiriha huko Mpondwe, jirani na Bwera, matunda hayo hukutana na wanunuzi wanaovuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na Kiswahili ndicho hupatanisha bei.

Palipo na wingi wa matunda na pombe kali ya bei nafuu, wazo la kuviunganisha huja lenyewe. Matokeo ya kuunganisha huko, yakifanywa vizuri, ni kileo kitamu ambacho Wafaransa hukiita likeri. Yakifanywa vibaya yanaweza kupofusha macho au kuua, na kosa mara nyingi halimo katika tunda.

Likeri haipaswi kuchanganywa na vileo vingine vya eneo hili. Pombe ya ndizi, ambayo Uganda hujulikana kama tonto na mashariki mwa Kongo kama kasiksi, hupatikana kwa kuchachusha: chachu hula sukari ya ndizi na kuacha kileo chepesi. Waragi hupatikana kwa kukeneka, yaani kuchemsha pombe iliyochacha na kukusanya mvuke wake uliopoa. Likeri haichachushwi wala haikenekwi. Matunda au maganda yake hulowekwa ndani ya pombe kali iliyokwisha kutengenezwa, kisha huongezwa sukari. Waitalia hufanya hivyo kwa maganda ya malimau na kuita kinywaji chao limoncello. Wajapani hufanya hivyo kwa tunda la ume likiwa bado bichi. Kazi ya jikoni ni ndogo kiasi kwamba mtu husahau kuuliza swali la kwanza: pombe hiyo kali imetoka wapi?

Chupa ya kuanzia

Mwezi Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walifariki katika muda wa wiki chache baada ya kunywa waragi iliyokuwa na methanoli nyingi. Mwezi Agosti 2022 msiba wa namna hiyo ulilikumba jiji la Arua na wilaya ya Madi-Okollo, kaskazini-magharibi mwa nchi, ambako watu wasiopungua 10 walipoteza maisha. Safari hii kinywaji kilichoshukiwa kilikuwa jini yenye ladha ya nanasi. Mtengenezaji wa likeri nyumbani hana budi kulitafakari jambo hilo la pili, kwa kuwa ladha ya tunda haikumwonya mnywaji, na huenda ndiyo iliyomvuta.

Methanoli ni jamaa wa karibu wa kileo cha kawaida. Haina rangi, harufu yake inafanana na ya pombe, na ulimi hauwezi kuitambua ikichanganywa. Kiasi kidogo sana huzaliwa chenyewe pale matunda yanapochachuka, kwa sababu matunda yana pektini, kitu kile kile kinachofanya jemu igande. Kiasi hicho kwa kawaida hakifikii cha kuua. Maafa ya watu wengi kwa pamoja husababishwa zaidi na methanoli ya viwandani, ile inayotumika katika rangi na viyeyushi, inayoongezwa na muuzaji mwenye tamaa ili kuongeza wingi na ukali. Mililita 10 zinaweza kuharibu uwezo wa kuona, na mililita 30 zinaweza kuua mtu mzima.

Ubaya wake ni kwamba hauonekani mara moja. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na dalili huanza baada ya saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, kupumua kwa haraka, na macho kuona kama kupitia ukungu mweupe. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe ya jana. Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi nyingine, na wenzake waliokunywa chupa ileile waende pia hata kama bado hawajisikii vibaya. Mji wa Bwera una hospitali ya serikali. Upande wa Kasese zipo Kilembe na Kagando. Dawa za kuzuia mwili usigeuze methanoli kuwa sumu zipo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inayopotea hupunguza faida ya matibabu hayo.

Imani kadhaa za mitaani zinafaa kukanushwa waziwazi. Limau haliui methanoli. Sukari haiipunguzi. Kuloweka kwa miezi mitatu hakuiondoi. Kipimo cha kuwasha pombe kijikoni na kutazama kama mwali ni wa samawati hakithibitishi lolote, kwani methanoli nayo huwaka, tena kwa mwali hafifu usioonekana vizuri mchana. Hata desturi ya wapishi wa waragi ya kumwaga matone ya kwanza, ingawa ina faida yake, haiwezi kusafisha pombe ambayo imeongezwa sumu baada ya kutoka mtamboni. Na mitambo yenyewe, ikiwa imeundwa kwa vipande vya rejeta za magari vilivyoungwa kwa risasi, huleta sumu nyingine.

Kwa hiyo msingi wa likeri uwe pombe ya kiwandani, yenye chupa iliyofungwa, alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, na stempu ya kodi ya kidijitali ambayo mamlaka ya mapato, URA, ilianza kuitumia mwaka 2019. Inunuliwe dukani kwa mtu anayejulikana, maana chupa tupu zenye lebo nzuri nazo hujazwa upya. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vidogo na kuagiza kwamba ujazo wa chini uwe mililita 200. Jini au waragi ya asilimia 40 isiyotiwa ladha ndiyo inayofaa zaidi. Ni ghali kuliko ya kidumu, hilo halina ubishi. Lakini chupa moja ya mililita 750 hutoa zaidi ya lita moja ya likeri, na hiyo hupunguza uchungu wa bei.

Maganda ya limau na chungwa

Kwanza neno. Waswahili wa pwani hutofautisha limau na ndimu, lakini wanunuzi wengi wanaotoka Kongo husema ndimu kwa yote mawili. Kinachotakiwa hapa ni limau kubwa lenye ganda nene. Harufu ya likeri hii haimo katika maji ya tunda. Imo katika vifuko vidogo vya mafuta vilivyojaa kwenye ngozi ya nje. Chini ya ngozi hiyo kuna utando mweupe, nao ni mchungu. Kisu kikiingia ndani sana, uchungu huo utabaki kwenye chupa na hakuna sukari itakayoufunika.

Rangi isimtishe mtu. Machungwa ya Kasese mara nyingi hubaki ya kijani hata yakiwa yameiva, kwa sababu ganda huhitaji usiku wa baridi ili lipoteze kijani chake, na usiku wa bondeni una joto. Ganda la kijani lina mafuta ya kutosha, na harufu yake huwa kali zaidi. La muhimu ni kuosha matunda kwa maji ya moto na kuyasugua, hasa yaliyopuliziwa dawa shambani.

Maganda ya malimau manane hadi kumi hutumbukizwa katika mililita 750 za pombe, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa hufunikwa vizuri, huwekwa mahali penye giza, na hutikiswa mara moja kwa siku. Siku saba zinatosha kwa maganda membamba. Zikizidi kumi na nne uchungu huanza kupanda. Maganda yaliyokwisha kutoa mafuta hupauka na kukatika kama karatasi kavu, na hiyo ndiyo dalili ya kuyachuja.

Sharubati ya kutia utamu hupikwa kwa gramu 300 za sukari na mililita 300 za maji, na lazima ipoe kabisa kabla ya kuchanganywa. Pombe iliyokuwa ya asilimia 40 hushuka hadi asilimia 24 hivi. Kinywaji kikigeuka ukungu wakati sharubati inapoingia, hakuna kilichoharibika: mafuta ya limau yaliyokuwa yameyeyuka katika pombe kali hushindwa kubaki yameyeyuka yakikutana na maji, nayo hujitenga kwa matone madogo mno. Ladha za wiki ya kwanza huwa hazijapatana. Mwezi mmoja wa kungoja huzituliza.

Vitunda vya mlimani

Matunda madogo yana tabia tofauti, kwa kuwa hulowekwa mazima na huleta maji yao. Magharibi mwa Uganda linalojulikana zaidi ni ntuntunu, tunda la rangi ya chungwa lililofungwa ndani ya gamba kama karatasi. Litumike lililoiva peke yake. Ntuntunu ya kijani ina sumu ya aina moja na ile ya viazi vilivyogeuka kijani, na gamba lake nalo hutupwa. Chini ya gamba tunda hunata kidogo, hivyo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha hutobolewa kwa sindano au hukatwa katikati, la sivyo pombe haipenyi ngozi. Forosadi nyeusi na vitunda vyekundu vya vichaka vya miiba hazihitaji kutobolewa. Ni laini mno, na tatizo lake ni kwamba huoza siku ileile zilipochumwa. Pasheni, ambalo Wakongo wengi huliita marakuja, hukamuliwa na rojo lake kutumika pamoja na mbegu, lakini mbegu zisisagwe.

Kipimo cha gramu 500 za matunda kwa mililita 750 za pombe kina sababu. Tunda dogo ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo hupunguza nguvu ya pombe hadi kama asilimia 25. Chini ya asilimia 20 chachu na ukungu huanza kupata nafasi, chupa huweza kuchacha, na gesi ikikosa pa kutokea hupasua kioo. Anayejaza matunda hadi mdomoni kwa kutaka ladha nyingi hujitafutia hasara hiyo. Matunda yote yazame. Linaloelea juu ya pombe ndilo linaloota ukungu kwanza.

Wiki tatu hadi sita zinatosha, kisha kitambaa safi huchuja na gramu 200 za sukari huyeyushwa moja kwa moja katika kinywaji bila kuongeza maji. Matunda yasikamuliwe kwa nguvu, maana mashapo yatakayoingia hayatatulia kwa urahisi. Katika joto la mji wa Kasese rangi nyekundu ya forosadi hugeuka hudhurungi ndani ya miezi michache ikiachwa kwenye mwanga. Chombo kiwe cha kioo wakati wote. Kidumu cha plastiki, hata kipya, hakifai kwa pombe kali ya kulowekea wiki nyingi, na kile kilichowahi kubeba petroli au dawa ya shambani hakioshwi kikafaa.

Mpaka wa sheria, na nyumba zisizokunywa

Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960 ilikataza kukeneka pombe bila leseni, na wenye leseni walitakiwa kukiuzia kiwanda ambacho kilisafisha na kutia chupani. Huko ndiko ilikotoka chapa ya Uganda Waragi. Kuloweka maganda ya limau katika pombe iliyonunuliwa dukani si kukeneka. Hata hivyo, anayetaka kuuza likeri yake, iwe barazani au sokoni, huingia katika masharti ya leseni, kodi na ukaguzi wa viwango kama mzalishaji mwingine yeyote.

Nyumba nyingi za Kasese na Bwera hazinywi kileo kabisa: za Waislamu, za Waadventista, za Walokole. Kwao matunda yaleyale hutoa sharubati isiyo na pombe. Maji ya malimau glasi moja hupashwa moto taratibu na sukari glasi moja na nusu, pamoja na vipande vichache vya ganda, hadi sukari iyeyuke. Ganda huondolewa na sharubati hutiwa ikiwa ya moto katika chupa zilizochemshwa. Kwa kuwa haina pombe ya kuilinda, hukaa jokofuni na inywewe ndani ya wiki mbili, ikizimuliwa kwa maji baridi.

Chupa ya sharubati na chupa ya likeri ya limau hufanana kwa rangi na kwa utamu wa harufu, na mtoto hawezi kuzitofautisha. Kila moja iandikwe jina la kilichomo, nguvu ya pombe ikiwa ipo, na tarehe ya kutengenezwa, na ile ya kileo ifungiwe kabatini.