Uhuru wa Kuimba na Ujira wa Kuimba: Mawazo Kutoka Yeoville



Suala la uhuru wa wasanii wa Afrika limeshazungumzwa na watu wenye vyeo na vitabu kunizidi. Nami naomba nichangie kidogo, ila itabidi nianze na kisa cha aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Mama Miriam Makeba alipofariki Novemba 2008, sisi Waswahili wa mtaa huu (Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu wa Kongo ya mashariki wenye Kiswahili chao chenye ladha yake) tuliona haifai kukaa kimya. Tukaandaa jioni ya kumkumbuka kwenye mgahawa mmoja karibu na Rockey Street. Mimi ndiye niliyekuwa mshika fedha. Tulimwalika kijana mmoja wa Bukavu, mpiga gitaa, aliyekimbia kwao baada ya kuimba mambo ambayo wanajeshi hawakuyapenda. Akapiga "Malaika" mpaka akina mama wakafuta machozi. Shughuli ilipokwisha tukamlipa mwenye ukumbi, tukalipia soda, tukamlipa aliyechapa vikaratasi vya tangazo. Mpiga gitaa tukampa sahani ya wali na asante nyingi.

Wakati tunakunja viti akanivuta pembeni. "Mwalimu," akasema, "kule kwetu walinikataza kuimba. Huku wananiachia niimbe mpaka asubui, lakini franga sioni."

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na huyo tuliyekuwa tukimwomboleza. Makeba alizaliwa Johannesburg hii hii mwaka 1932, akaondoka 1959. Mwaka 1960 alitaka kurudi kumzika mama yake, akakuta pasipoti yake imefutwa. Julai 1963 alizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi. Serikali ya Makaburu ikampiga marufuku na kumvua uraia. Redio ya taifa wakati ule ilikuwa na njia yake ya kunyamazisha watu: santuri yenye wimbo usiotakiwa ilikwaruzwa kwa kitu chenye ncha ili mtangazaji asiweze kuucheza hata akitaka. Makeba alirudi nyumbani 1990, baada ya miaka 31.

Na Yeoville yenyewe? Kwa sheria ya kugawa makazi kwa rangi ya mwaka 1950, huu ulikuwa mtaa wa Wazungu. Lakini kufikia miaka ya 1980 vilabu vya Rockey Street vilikuwa vimeshaanza kuchanganya watu, weusi kwa weupe, kwenye jukwaa moja. Muziki ulivunja sheria kabla Bunge halijaifuta. Leo katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 16, inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kwa hiyo yule kijana wa Bukavu alikuwa anasema kweli: hapa hakuna wa kumfunga kwa wimbo. (Kuna mengine ya kuogopa, si haba. Mei mwaka ule ule wa 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, na watu zaidi ya 60 wakauawa.)

Basi tuna historia nzuri ya uhuru wa kuimba. Tatizo ni kwamba mji huu huu una historia nyingine, nayo ni ya ujira.

Mwaka 1939, katika studio ya Gallo hapa Johannesburg, kibarua wa Kizulu aitwaye Solomon Linda alirekodi na kikundi chake, Evening Birds, wimbo ulioitwa "Mbube", yaani simba. Hakuna polisi aliyemzuia wala santuri iliyokwaruzwa. Ziliuzwa nakala zaidi ya 100,000. Haki za wimbo Linda aliziachia kampuni kwa shilingi 10 tu. Wimbo ukavuka bahari: Marekani ukawa "Wimoweh", kisha 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", na 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Mwandishi Rian Malan alipofuatilia jambo hili mwaka 2000, alikadiria kwamba filamu hiyo na maonyesho yake ya jukwaani pekee vimeuingizia wimbo huo dola milioni 15. Mabinti wa Linda walikuwa Soweto, hohehahe.

Kilichowaokoa ni sheria ya kikoloni, tena ya Uingereza, ya mwaka 1911. Ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki hurudi kwa warithi wake hata kama aliziuza. Mwanasheria Owen Dean aliitumia kufungua kesi mwaka 2004, na Februari 2006 wakapatana: familia ilipwe, na jina la Linda litajwe. Ilikuwa imepita miaka 67 tangu wimbo urekodiwe.

Tusicheke ya wenzetu, ya kwetu yapo. Turudi kwenye "Malaika" iliyotuliza usiku ule. Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makeba na Harry Belafonte wakauimba kwenye albamu yao ya 1965, Boney M wakaurekodi 1981, na leo hakuna hoteli ya kitalii kutoka Malindi hadi Unguja isiyoupiga. Lakini nani aliutunga? Fadhili alidai ni wake; Adam Salim wa Tanzania akadai ni wake; na wengine wametajwa pia. Mpaka Fadhili anafariki, Februari 2001, ubishi ulikuwa haujaisha. Wimbo wenyewe unamhusu kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali! Punda afe, mzigo ufike. Simlaumu Mama Makeba hata kidogo. Yeye aliimba kwa sababu nyumbani kwake hakuruhusiwa kuimba. Yeye alinyimwa uhuru, watunzi wakanyimwa ujira, na wote wawili wamekutana ndani ya wimbo mmoja.

Sasa niseme lililonileta. Tunapotetea wasanii, sisi wasomi huwa tunapenda zaidi ile historia ya kwanza. Inapendeza kuisimulia. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alikamatwa mwisho wa 1968 kwa ajili ya waraka wa "Kenya: Twendapi?", akafungwa miaka mitatu, akaandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo yenye jina la Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga! Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini Desemba 1977 baada ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ. Na karibuni zaidi, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa wimbo wake "Wapo", kisha akaachiwa kwa agizo la Rais Magufuli. Hilo la mwisho pia ni la kutafakari, maana uhuru unaotolewa na mkubwa kwa hisani anaweza kuuchukua kesho akiamka vibaya.

Haya yote ni kweli na yanafaa kupigiwa kelele. Ila adui katika hadithi hizi ni serikali, na serikali ni rahisi kuilaumu ukiwa mbali. Kwenye historia ya pili adui huwa ana tabasamu. Anapenda muziki, anapiga makofi. Mara nyingine ni mshika fedha wa kamati ya maombolezo.

Na mara nyingine ni mtafiti. Hivi ni wangapi kati yetu tuliopata shahada kwa tenzi tulizorekodi kwa mzee fulani wa Lamu au Pemba, au kwa mashairi ya taarabu? Kanda ziko kwenye maktaba za Ulaya na Marekani. Jina la mzee, kama lipo, liko kwenye ukurasa wa shukrani.

Najua mtakayosema. Kwanza, bajeti ya utafiti haina kifungu hicho. Pili, hizo ni mali za jadi, hazina mwenyewe. La kwanza naliamini nusu, kwani tikiti ya ndege huwa ina kifungu. La pili silikubali kabisa. Hata "Mbube" iliwahi kudhaniwa na wengi huko ng'ambo kuwa ni ngoma ya jadi isiyo na mwenyewe, na dhana hiyo ndiyo iliyomla Linda. Isitoshe, mila zetu zililijua jambo hili kabla ya sheria yoyote ya hakimiliki. Kwenye taarabu mtu akiguswa na wimbo huinuka kwenye kiti, akaenda mbele kumtuza mwimbaji hadharani, kila mtu akiona. Katiba ya Kenya ya 2010 imeyaweka yote mawili: kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu, kifungu cha 40 kinaitaka serikali ilinde hakimiliki za wananchi. Kuandika ni jambo moja, kutenda ni jingine, lakini angalau waandishi wa katiba ile waliona kwamba msanii anahitaji yote mawili.

Makeba mwenyewe alikufa kazini. Usiku wa tarehe 9 Novemba 2008, huko Castel Volturno, Italia, alianguka mara baada ya kuimba katika tamasha la kumuunga mkono Roberto Saviano, mwandishi aliyetishiwa kuuawa na genge la Camorra. Mpaka pumzi ya mwisho alikuwa akitetea msanii mwenzake. Nasi tukamwomboleza kwa kumdhulumu mwanamuziki mkimbizi! Kila nikikumbuka najisikia vibaya.

Wiki moja baadaye nilichangisha kwa wanakamati, nikampelekea yule kijana bahasha sokoni, alikokuwa akimsaidia dada yake kuuza dagaa na pondu. Nilikuwa na kitabu cha stakabadhi kwa ajili ya hesabu zangu, nikaanza kuandika: "Msaada kwa..." Akanishika mkono.

"Hapana, Mwalimu. Usiandike msaada. Andika kazi."

Nikaukata ule mstari, nikaandika kazi, akatia sahihi. Ile stakabadhi ninayo mpaka leo.

Naomba kutoa hoja.