Jiko la gesi linapofifia msimu wa baridi: Namna ya kubaini tatizo na kulitatua kwa usalama

Mkazi wa Kyela anayepeleka mtungi wa gesi kwa ndugu zake Tukuyu huweza kushangazwa na jambo moja. Mtungi uliowaka vizuri katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali palipo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, hutoa mwali mdogo unapowashwa alfajiri ya Juni au Julai katika mji ulio zaidi ya mita 1,500. Mara nyingi mwenye jiko hudhani ameuziwa gesi pungufu. Wengine hurejea kwenye mkaa, na wapo wanaousogeza mtungi karibu na moto ili gesi “iamke”, kitendo kinachoweza kugharimu maisha.

Suala hili linagusa kaya nyingi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kaya iliyoacha kuni hubaki kwenye gesi ikiwa tu jiko linawaka kila siku, ikiwemo siku ya baridi kali.

Kwa nini baridi hudhoofisha gesi

Gesi ya kupikia hukaa ndani ya mtungi ikiwa kimiminika. Koki inapofunguliwa, kimiminika hicho huchemka na kugeuka mvuke unaopita kwenye regulata hadi jikoni. Ili kichemke kinahitaji joto, na joto hilo hutoka katika hewa inayouzunguka mtungi.

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye nyuzi joto 42 chini ya sifuri, ilhali butani hukoma kuchemka inapokaribia nyuzi sifuri. Katika nchi za joto, butani aghalabu ndiyo huwa na sehemu kubwa ya mchanganyiko. Hivyo kadiri hali ya hewa inavyopoa, ndivyo mgandamizo wa gesi, yaani presha, unavyopungua.

Yapo mambo mengine mawili yanayoongeza tatizo. La kwanza, gesi inapotumika mfululizo, mtungi wenyewe hupoa zaidi kwa sababu kimiminika hunyonya joto lake; ndiyo maana umande huonekana ubavuni. Mtungi wa kilo 6 huathirika haraka kuliko wa kilo 15, kwa kuwa eneo lake la kupokea joto ni dogo. La pili, propani hutangulia kuisha. Gesi inayobaki chini huwa na butani nyingi zaidi, na hiyo ndiyo inayosumbua kwenye baridi.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, hakiki usalama. Ikiwa kuna harufu ya gesi, funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, na usiwashe kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na kwenye mashimo. Baada ya harufu kuisha, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira, kisha fungua koki kidogo: mapovu yanayokua huonesha mahali panapovuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa moto.

Pili, pima mtungi. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Kwa mfano, mtungi ulioandikwa kilo 7 ukisoma kilo 8.5 kwenye mizani, gesi iliyobaki ni kilo 1.5. Kipimo hiki humaliza ubishi kati ya mteja na muuzaji, na mteja ana haki ya kutaka mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa.

Tatu, linganisha mafiga. Ikiwa figa moja pekee ndilo dhaifu, tatizo limo katika figa hilo: mabaki ya chakula, kutu au utando wa buibui umeziba tundu. Mwali wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria huashiria jambo hilohilo. Zima jiko, acha lipoe, safisha kwa brashi na ukaushe. Ikiwa mafiga yote ni dhaifu kwa pamoja, endelea na hatua inayofuata.

Nne, kagua njia ya gesi. Hakikisha mpira haujakunjwa, haujapasuka wala kukandamizwa, na regulata imekaa sawasawa. Regulata ya zamani au yenye kutu ibadilishwe. Haipaswi kufunguliwa na kurekebishwa nyumbani.

Tano, gusa mtungi. Ikiwa uzito unaonesha gesi ipo, njia ni safi, lakini ubavu wa mtungi ni wa baridi sana na una umande, basi chanzo ni baridi. Zima jiko, acha mtungi upumzike, kisha tumia figa moja badala ya mawili. Mtungi uliokaa usiku kucha kwenye saruji ya baridi uwekwe juu ya ubao, ukiwa umesimama wima, mahali penye hewa na pasipo upepo wa baridi. Kaya za maeneo ya juu kama Tukuyu, Uyole au Makete zinazopikia watu wengi zinashauriwa kutumia mtungi mkubwa.

Mambo ya kuepuka

Mtungi usiwekwe karibu na moto, usimwagiwe maji ya moto na usilazwe. Ukilazwa, kimiminika chenyewe huweza kupita kwenye regulata na kutoa mwali mkubwa wa ghafla. Mtungi ukipata joto kupita kiasi, mgandamizo huongezeka na huweza kusababisha mlipuko.

Vilevile, jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala ili kuleta joto. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi nalo si kifaa cha kupasha chumba joto.

Tahadhari kwa wakazi wa mwambao

Kyela, Matema na Itungi hazina baridi ya Rungwe, hivyo jiko likififia huko, chanzo kitafutwe kwanza katika uzito wa mtungi, regulata na mafiga. Adui mkubwa wa eneo hilo ni unyevu. Hula kitako cha mtungi kwa kutu na huzuia cheche za kuwashia. Jiko lisilotoa cheche lijaribiwe kwa kiberiti kabla ya kudhaniwa bovu. Mito kama Kiwira na Mbaka inapofurika, funga koki, tenganisha regulata na upandishe mtungi mahali pa juu. Regulata iliyoingia maji isitumike tena.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaotumia biogesi nao huona gesi ikipungua msimu wa kipupwe. Hapo sababu ni tofauti: bakteria wanaozalisha gesi hufanya kazi taratibu shimo linapopoa. Kuchanganya samadi na maji yaliyopata joto la jua husaidia.

Pa kupata msaada

Malalamiko kuhusu gesi pungufu hupelekwa kwanza kwa muuzaji, kisha kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) iwapo hayatatatuliwa. Gesi ikivuja bila kudhibitika au moto ukizuka, watu watoke nje kwanza, kisha wapige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.