Zana za Jiwe la Tabaka

Tabaka ni mji mdogo wa Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, na sifa yake imejengwa na jiwe la sabuni, ambalo sokoni huitwa jiwe la Kisii. Limeitwa la sabuni kwa kuwa linateleza kidogo mkononi kama kipande cha sabuni kilicholowa. Ulaini huo ndio ulioamua aina ya zana zinazotumika hapa. Mchonga granaiti hawezi kuanza bila tindo na nyundo nzito, lakini mchongaji wa Tabaka huanza na panga, lilelile linalofyeka nyasi shambani.

Abagusii, wenyeji wa Kisii, walilitumia jiwe hili muda mrefu kabla ya kuwapo soko la watalii. Walichonga viko vya tumbaku, vibakuli na vibao vya mchezo wa bao, na unga wake mweupe ulipakwa mwilini wakati wa sherehe. Vilikuwa vyombo vya nyumbani, vilivyochongwa na watu waliokuwa pia wakulima na wafugaji, na zana zao zilikuwa zile za shamba na boma.

Mabadiliko yalikuja na ukoloni. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya misafara ya kijeshi ya 1905 na 1908 dhidi ya Abagusii, Waingereza wakauimarisha utawala wao Kisii. Pamoja na maofisa na wafanyabiashara alikuja mnunuzi wa namna mpya, mtu anayetaka kitu cha kupamba meza badala ya chombo cha kulia. Baada ya uhuru wa 1963 utalii ulikua, na sanamu za kiboko na twiga, sahani, vishikio vya mishumaa na seti za sataranji vikajaa katika maduka ya Nairobi na Mombasa. Soko lilibadilika sana. Panga lilibaki.

Kazi ngumu kuliko zote hufanyika machimboni. Kwanza udongo wa juu huondolewa kwa jembe, sururu na koleo hadi jiwe lionekane. Kisha mchimbaji hutafuta ufa, hupenyeza mtaimbo na kuukandamiza kwa uzito wa mwili wake mpaka bonge liachie. Bonge hupandishwa juu kwa mabega. Kadiri shimo linavyozama ndivyo kuta zake zinavyokuwa za hatari, hasa msimu wa mvua, udongo unapolowa na kuporomoka. Wachimbaji wamefukiwa humo na kufa. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji, na ardhi iliyolimwa mahindi na ndizi hubaki na makovu.

Jiwe likitoka ardhini likiwa bado na unyevu huchongeka vizuri zaidi, ndiyo maana mafundi hupenda kulifanyia kazi mapema au kulilowesha. Rangi zake ni nyingi: nyeupe, ya waridi, ya kijivu, hata nyekundu, na ugumu hutofautiana bonge kwa bonge. Fundi huligeuzageuza akitafuta nyufa, kwa sababu ufa uliojificha unaweza kulipasua umbo siku ya mwisho, kazi ikiwa imebaki kidogo tu. Akiridhika, hulikata kwa panga kwa mapigo mafupi hadi mgongo na kichwa cha kiboko vionekane. Visu vidogo na tupa hufuata. Panga lililokwisha kwa kunolewa halitupwi. Ubavu wake uliosalia huweza kugeuzwa kisu.

Penye kumpima fundi ni pale mkono usipofika. Sanamu za familia zinazokumbatiana, zilizochongwa katika bonge moja bila kiungo, zina matundu membamba kati ya mikono, mabega na viuno. Panga haliingii humo, na tupa ya kawaida ni pana mno. Fundi hutumia kisu chembamba chenye ncha, akikwangua kidogo kidogo kutoka pande mbili mpaka mwanga upite. Kisha utepe wa msasa hupitishwa tunduni na kuvutwa huku na huku. Ni kazi ya subira, na mnunuzi anayetazama kwa mbali haioni. Akipitisha kidole ndani ya tundu ndipo hugundua kama fundi alifanya haraka.

Kusugua na kung'arisha kumekuwa zaidi kazi ya wanawake, huku uchimbaji na uchongaji ukiwa wa wanaume. Wanawake huketi na beseni za maji, wakianza na msasa wa kukwaruza na kumalizia na ule laini. Maji hulaza vumbi, ambalo ni adui wa mapafu katika hatua zinazofanywa pakavu. Jiwe likishakauka hupakwa rangi na kuchorwa nakshi kwa ncha kali, au huachwa na rangi yake ya asili, kisha husuguliwa kwa nta mpaka ling'ae.

Ufundi huu umefika mbali. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ndiye aliyechonga sanamu ya ndege wa amani iliyopo makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na mwaka 2014 alichonga mbele ya umma katika tamasha la Smithsonian huko Washington, Kenya ilipoalikwa. Vikundi vya mafundi kama Smolart vimeuza kazi nje ya nchi kwa njia ya biashara ya haki, ili sehemu kubwa zaidi ya bei irudi kwa aliyechonga.

Mashine za umeme za kukata na kusugua zimeingia katika baadhi ya karakana, na zinaokoa muda kwenye kazi za kufanana kama sahani. Kwenye matundu membamba, kisu na utepe wa msasa havijapata mbadala. Machimboni nako, nguvu kubwa ni ya mikono: mtaimbo, koleo na mabega ya mchimbaji, ambaye huuza bonge lake kabla halijawa sanamu na hulipwa bei ya jiwe tupu.